Kabla ya kupaka rangi, nenda kwa jirani

Mwezi wa Juni mwaka 2019 nilinunua ndoo tatu za rangi, nikaanza kuipamba nyumba yangu nje kidogo ya mji wa Rumonge. Kila jioni nikitoka shule nilivua shati la kazi, nikapanda juu ya meza na kupaka mpaka giza liingie. Ndani nilipaka rangi ya maziwa, nje nikazungushia bluu kuanzia chini hadi usawa wa magoti. Nilipomaliza nilichukua kipande cha ubao, nikaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA INAUZWA.

Mke wangu alicheka sana. Kule Tanzania tulikokulia, tulizoea kuona kuta zilizoandikwa "Nyumba hii haiuzwi", maana huko ndugu mmoja anaweza kuiuza nyumba ya ukoo wakati wengine wamekwenda shambani. Mimi nikawa naandika kinyume chake, tena kwa furaha.

Sababu ya kuuza ilikuwa wazi. Mke wangu anafanya biashara ya mpakani. Ananunua vitenge na vyombo vya plastiki Kigoma, anavuka Manyovu na Mugina, anauza Mabanda na masoko ya jirani. Kukaa Rumonge kulimla nauli na kumlaza njiani. Tulikuwa tumepata kiwanja Mabanda, na binti yetu mkubwa alikuwa anakaribia kwenda chuo. Hesabu ilitaka nyumba ya Rumonge iuzwe kabla ya mwaka kwisha.

Hadi Septemba walikuwa wamekuja wanunuzi wanne. Wote walisifu rangi. Wote waliomba maji ya kunywa, wakauliza bei, wakasema watarudi. Hakuna aliyerudi.

"Wanakunywa chai kwa jirani yako"

Nilimwita dalali, ambaye huku kwetu wengi humwita komisyoneri. Alikuja, akazunguka nyumba mara moja tu, akakaa kwenye benchi.

"Mwalimu," akaniambia, "nyumba yako haina shida kubwa. Lakini unajua mnunuzi akitoka hapa anakwenda wapi?"

Nikamwambia anakwenda kwake.

"Hapana. Anavuka uzio, anakwenda kwa mzee jirani yako. Anapewa kiti, anapewa chai, anauliza swali moja tu: hiki kiwanja kina kesi? Mzee anajibu kwamba kina kesi. Basi. Hata ukipaka dhahabu, hawanunui."

Nilikasirika. Nilitaka kwenda saa ile ile kumuuliza mzee kwa nini ananiharibia. Mama yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, alinizuia kwa neno moja. "Kwani amesema uongo?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kesi ile niliifungua mimi mwenyewe.

Kiwanja chenye wenyewe wawili

Ndugu msomaji, kama wewe ni mrudi kama mimi, hadithi hii utaitambua. Wazazi wangu walikimbia Rumonge mwaka 1972, wakavuka kwenda Tanzania, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora. Mimi nilizaliwa huko mwaka 1981. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikawa mwalimu huko, na baba yangu akazikwa huko mwaka 1998. Maneno aliyotuachia yalikuwa machache: tuna kiwanja Rumonge, kuna miyembe miwili, kinatazama ziwa.

Serikali ya Tanzania ilipotupa nafasi ya kuchagua kati ya kuomba uraia na kurudi, ndugu wengi waliomba uraia. Dada yangu alikuwa mmoja wao, kwani alikuwa ameolewa na ana mashamba. Mimi na mama tulichagua kurudi. Mwaka 2008 tulipanda treni hadi Kigoma, kisha mabasi hadi Burundi.

Kiwanja tulikikuta. Mwembe mmoja ulikuwepo. Ilikuwepo pia nyumba ya mzee mmoja, mke wake na watoto sita. Mzee huyo hakuwa mnyang'anyi. Alikuwa amekinunua mwaka 1979 kutoka kwa mtu aliyepewa na serikali ya wakati ule, na karatasi ya kuuziana alikuwa nayo. Sisi tulikuwa na maneno ya marehemu na mashahidi wawili wazee.

Mwaka 2009 tulifika mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile iliyoundwa mwaka 2006 baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Siku hizo tume ilikuwa ikihimiza kugawana. Tukagawana. Mzee alibaki na nusu yenye nyumba yake, sisi tukapewa nusu yenye mwembe, kiasi cha mita 20 kwa 30. Tulitia sahihi, tukapeana mikono, na mwaka uliofuata nikajenga. Mzee ndiye aliyenionyesha udongo mzuri wa matofali.

Baada ya mwaka 2011 msimamo wa tume ulibadilika, ukaelekea kuwarudishia wakimbizi mali yao yote. Baadhi ya kesi zilizomalizwa kwa kugawana zikafunguliwa upya. Jamaa zangu wakaanza kunisema kwamba nimelala, kwamba wenzangu wanapata chote, mimi nimeridhika na nusu. Mwaka 2013 nilikwenda kuandikisha madai ya nusu ya pili. Sikumwambia mzee. Alipata habari kwa barua ya kuitwa.

Madai yale hayakufika popote. Tuliitwa mara mbili, yakalala. Lakini tangu siku ile mzee hakunisalimia tena, nami sikumsalimia. Miaka sita tulipishana njia moja ya kwenda sokoni kama watu wasiojuana. Faili likabaki ofisini, na jina langu likabaki juu yake. Na mimi, mwenye faili, nikanunua rangi ndoo tatu.

Nilipovuka uzio

Nilikwenda siku ya Jumapili alasiri. Mzee alikuwa amekaa chini ya paa la jiko akisuka kamba. Hakusimama. Mke wake aliniletea kiti.

Nilimwambia, "Mzee wangu, nauza nyumba."

"Nimeona ubao."

"Wanunuzi wanakuja kwako."

"Wanakuja. Wanauliza kama kiwanja kina kesi. Ulitaka niseme hakina? Mimi ni mtu mzima, Mwalimu. Siwezi kumdanganya mtu anayeleta jasho lake."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na kwa ugomvi ningekuwa na maneno. Mwisho nikasema, "Nimekuja kuifuta ile kesi. Na kukuomba radhi. Tulipeana mikono, kisha nikaenda kwa mlango wa nyuma."

Alinyamaza muda mrefu, akaendelea na kamba yake. Kisha akasema, "Ulipoifungua ulikwenda peke yako. Kuifuta tutakwenda wawili. Na kabla ya hapo tutaita watu waone mpaka."

Jumamosi iliyofuata tuliita wazee wawili wa bashingantahe, mkuu wa mtaa na majirani wa pande zote nne. Tulitembea mpakani kwa miguu, hatua kwa hatua. Tuligundua kwamba uzio wangu wa upande wa kusini ulikuwa umeingia kwake karibu mita moja. Si kwa makusudi, ni miti ilivyokua. Niliung'oa siku ile ile, tukapanda miyenzi mipya, ile minyaa yenye utomvu mweupe ambayo kila Mrundi anajua kwamba ni mpaka. Yaliyokubaliwa yakaandikwa, kila mtu akatia sahihi au dole gumba.

Jumatatu mimi na mzee tulipanda basi moja hadi ofisi ya tume. Niliandika kwa mkono wangu kwamba naondoa madai ya mwaka 2013 na kwamba naheshimu mgawanyo wa 2009. Tulipewa nakala yenye muhuri. Nauli ya kwenda nililipa mimi. Ya kurudi, mzee alikataa nisilipe.

Swali la dada

Njiani ndani ya basi mzee aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na dada yako wa Ulyankulu amekubali?"

Nilimwambia kwamba dada ameolewa, tena amekwisha kuwa raia wa Tanzania. Kwa mila zetu binti aliyeolewa hahesabiwi kwenye kiwanja cha baba.

"Mila ni mila," akasema. "Lakini mimi nimewahi kuona mtu anakuja na mizigo kutoka Tanzania akisema hapa ni kwa baba yangu. Ni wewe. Huyo anayenunua kwako usimletee mgeni kama huyo."

Usiku ule nilimpigia dada simu. Nilidhani atafurahi kusikia sauti yangu, lakini alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Umekwisha kuuza, au unaniuliza?" Nikamwambia namuuliza. Akalia. Alisema miaka yote alijua kwamba siku moja kiwanja kitauzwa na yeye atasikia kwa watu.

Alikuja mwenyewe kupitia Kigoma. Alikaa siku tisa. Tulikubaliana apate robo ya bei, akaezekee nyumba yake kwa mabati. Jamaa zangu walisema nimezidisha. Mimi naona nilichelewa. Dada alitia sahihi kama mtoto wa marehemu, mama akatia dole, mke wangu akatia sahihi. Karatasi zote niliziweka kwenye bahasha moja. Bahasha ile ndiyo ilikuwa chumba kizuri kuliko vyote katika nyumba yangu.

Mvua ilipovua rangi

Mtu asidhani nasema kwamba ukarabati hauna maana. Una maana sana, ila una mpangilio wake, nami niliufuata kinyumenyume.

Mvua za Oktoba zilipoanza, rangi yangu ya Juni ilianza kuvimba na kubanduka kwenye kuta za vyumba viwili. Nilimwita fundi mwashi. Alichukua msumari, akakwangua kidogo, akanionyesha unyevu. "Mwalimu, umefunika kidonda bila kukiosha," akasema.

Akanipeleka nje. Udongo ulikuwa umejikusanya ukutani kwa miaka tisa hadi kuupita msingi. Maji ya paa yalianguka pale pale, maana sikuwa na mfereji wa mabati, na ukuta wa tofali ukayanyonya. Kazi aliyonipa haikuhitaji fedha nyingi: kuchimba na kuondoa udongo wote unaogusa ukuta, kuchimba mtaro unaopeleka maji mbali, kuweka mfereji chini ya paa, kukwangua plasta iliyooza, na kuacha ukuta ukauke wiki kadhaa kabla ya kupiga plasta nyingine na chokaa.

Paani tulikuta misumari iliyolegea. Tuling'oa, tukapiga mingine yenye vipande vya mpira wa kandambili chini ya kichwa, ili maji yasipenye. Fremu ya mlango wa nyuma ilikuwa imeliwa na mchwa, nayo tukaibadilisha. Choo cha nje tulikipigia sakafu mpya ya saruji, mfuniko na mlango unaofunga. Fundi aliniambia, na baadaye niliona ni kweli, kwamba akina mama wakija kuangalia nyumba hutazama jiko na choo kabla ya sebule.

Mwisho tulipunguza vitu. Magunia, baiskeli mbovu, vitabu vyangu vya zamani, kitanda cha tatu: vyote vikaenda Mabanda mapema. Chumba kile kile kilionekana kimepanuka. Gharama kubwa katika hayo yote ilikuwa saruji na mbao. Rangi ilikuwa ndogo, na safari hii iliingia ya mwisho.

Mama wa ndagala

Mnunuzi wa sita alikuja mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha kweli kweli. Alikuwa mama mfanyabiashara wa ndagala, amejifunga kitenge hadi kichwani. Nilimwambia, "Karibu mama, pole na mvua." Akajibu, "Mvua ndiyo niliyoingoja. Kiangazi nyumba zote ni nzuri."

Alitazama dari. Aliweka kiganja ukutani, chini kabisa, akakinusa. Alisogeza mkeka. Alikwenda chooni. Alisimama nje chini ya mwavuli akaangalia maji yanavyokimbia mtaroni. Nilimwonyesha mwenyewe ukuta uliokuwa na unyevu, nikamweleza tulivyofanya. Nilimwambia pia kwamba mlango wa mbele unakaza wakati wa masika. Dalali alinikanyaga mguu. Lakini yule mama alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Kisha, kama wote, akavuka uzio kwenda kwa mzee. Alikaa huko karibu saa nzima. Nilikuwa naona moshi wa jiko tu. Aliporudi alikuwa na mzee nyuma yake, na mzee ndiye aliyesema: "Mwalimu, lete ile bahasha."

Nilikuwa nimetaja faranga milioni 28. Mwezi Septemba dalali aliniambia kwamba kiwanja chenye kesi nikipata 18 nishukuru. Tulikubaliana milioni 25 na nusu. Fedha zilipita benki, hakuna aliyebeba mfuko barabarani. Karatasi ya mauzo ilisomwa kwa sauti mbele ya mashahidi kumi na mmoja, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na shahidi wa kwanza kutia sahihi alikuwa mzee jirani.

Kwa anayetaka kuuza

Wasomaji wa mpakani mnajua kwamba mali isiyo na karatasi hukwama kizuizini hata kama ni nzuri. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Kwa mrudi anayetaka kuuza, napendekeza mpangilio huu.

Kwanza, kaeni kikao cha familia, na wale waliobaki ng'ambo waulizwe kabla ya bei kutajwa. Mke au mume asisikie habari kwa dalali.

Pili, kusanya karatasi: za kugawana, za kununua, za hukumu. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliruhusu ofisi za ardhi za tarafa kutoa cheti cha ardhi baada ya kamati kuja kushuhudia mipaka mbele ya majirani. Kama huna cheti, ulizia mapema, kwani haitoki kwa siku moja. Kumbuka pia kwamba mwaka 2025 tarafa zilipunguzwa kutoka 119 hadi 42, hivyo huenda ofisi yako si ile uliyoizoea.

Tatu, tembea mpakani pamoja na majirani, na kama umeingia kwa mtu, toka kabla hujaambiwa.

Nne, lipa madeni ya maji, umeme na mafundi. Mpangaji apewe muda wa kuhama, asikutwe kitandani na mnunuzi.

Tano, tengeneza maji kwanza: paa, mfereji, mtaro, choo. Huku kwetu kando ya Tanganyika, tangu ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024 likazamisha nyumba za watu, mnunuzi atakuuliza maji yalifika wapi. Mwonyeshe alama ya kweli. Majirani watamwonyesha hata usipotaka.

Sita, punguza vitu, fagia, fungua madirisha. Hapo ndipo uchukue brashi.

Siku tulipohama, gari la mizigo lilisimama upande wa mzee, kwa kuwa kwangu kulikuwa na matope. Watoto wake walitusaidia kupakia. Mama yangu alikwenda kumuaga mke wa mzee, wakakaa ndani mpaka dereva akaanza kupiga honi. Alipotoka alikuwa na kikapu cha maembe. Yalikuwa ya mwembe wetu, kutoka tawi lililokuwa limeinamia upande wao miaka yote ile, nami sikuwahi kuwaruhusu waziwazi kuyachuma.

Ndoo moja ya rangi ilibaki nusu. Nilimwachia yule mama wa ndagala. Baadaye nilisikia kwamba alipakia jiko.